Ugbad Aliyeosha Programu Zake

Ugbad Hared alifuta kila programu aliyoiandika mara tu ilipoanza kufanya kazi, na kwa muda mrefu hakumweleza mtu sababu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Watu wa Garissa walijua hivi tu: kwamba katika ofisi ya shirika moja la maji, chumba cha mwisho, chini ya feni iliyozunguka kama inayolazimishwa, alikaa mwanamke aliyeiambia kompyuta lori gani la maji liende wapi, na kompyuta ikamsikia. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, mvua zilikuwa zimepita mbali, na kutoka Habaswein hadi Bura swali lilikuwa moja, maji yamefika au hayajafika. Maswali ya faili yalingoja zamu yao.

Kila asubuhi programu yake ilipewa habari za barabarani: kituo kipi kilipata maji mara ya mwisho lini, njia ipi imefungwa, lori lipi limekatika springi, na kama askari wa kusindikiza msafara wana dizeli. Nayo ilijibu nani aende wapi. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa kwa mabishano. Chifu mwenye sauti kubwa zaidi ndiye aliyepata maji mengi zaidi, utaratibu ambao haukuwa na kasoro yoyote isipokuwa kwa vituo vyenye machifu wapole.

Asiyeijua kazi hii anahitaji kufahamu jambo moja. Programu ina sura mbili. Ya kwanza ni maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma: ikiwa hivi, fanya vile. Ya pili ni maandishi hayohayo yakiwa yametafsiriwa kwa lugha ya mashine, ambayo binadamu akiitazama anaona uchafu tu. Mtafsiri ni chombo kinachoitwa kompaila. Ukiwa na ile sura ya pili, programu inafanya kazi. Lakini ukitaka kuibadilisha, hata kidogo, lazima uirudie ile ya kwanza. Ndiyo maana waandishi wa programu duniani kote huyatunza maandishi yao kama mboni ya jicho. Ugbad aliyafuta.

Alikuwa na sababu, nayo ilianzia Habaswein.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyeonekana nyumbani pale tu soko lilipokuwa baya, kwa hiyo Ugbad alilelewa na shangazi yake, eeddo Hawo, aliyekuwa na chuo cha Kurani nyuma ya nyumba yake. Kila mtoto alikuwa na ubao wake wa mti, na wino waliupika wenyewe kwa masizi na gundi ya mgunga. Uliandika somo lako ubaoni, ukalisoma mpaka likaingia kifuani, ukamsomea eeddo bila kuangalia, na akiridhika ukauosha ubao ili somo linalofuata lipate nafasi. Maji ya kuoshea yalimwagwa mahali pasipokanyagwa na mtu wala mbuzi. Kwa mtoto wa pale, somo lililokuwa bado ubaoni ni somo ambalo bado hulijui.

Eeddo Hawo alikuwa na namna yake ya kusikiliza. Alikupa mgongo, akaendelea kusuka mkeka, na wala hakukukatiza. Ulikosea mstari wa pili, akakuacha uende hadi mwisho ukijisikia mwanachuoni. Kisha akasema, "Rudi mwanzo."

"Nimekosea wapi, eeddo?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyesoma."

Kosa lilisameheka. Kusahau hakukusameheka. Mtoto aliyesema "nimesahau" kuhusu somo aliloliosha mwenyewe alitazamwa kama aliyeiba viatu msikitini.

Baada ya sekondari ya Garissa, Ugbad alipelekwa Nairobi kusomea uhazili. Darasa la uhazili lilikuwa limejaa. Mwandikishaji, mtu asiyependa kurudisha karo, akamwingiza kwenye chumba cha jirani walikokuwa wakifundisha kompyuta, na hivyo ndivyo wito mkubwa wa maisha yake ulivyompata. Aligundua kwamba kompaila ina tabia za shangazi yake. Inakuacha uandike mpaka mwisho, inasikiliza yote, halafu ndipo inasema umekosea. Kompaila ilikuwa karimu zaidi kidogo, ilitaja mstari.

Hakuwa akilinganisha maneno ya Mungu na maneno ya malori; kwa hilo eeddo angemvunjia ubao mgongoni. Alilinganisha kazi tu. Na alipoajiriwa Garissa akakuta kompyuta kuukuu ambayo diski yake ilikuwa imejazwa na ofisa aliyehama na hakuna aliyethubutu kuigusa, akapewa na flopi moja, diski ndogo ya kuchomeka na kuchomoa, alijiona yuko nyumbani. Flopi ilikuwa ubao. Aliandika, akajifunza alichoandika, akaipa kompaila, kisha akayafuta maandishi na mahali pake akaweka ile tafsiri ya mashine. Mabadiliko yalipohitajika aliiandika programu upya tangu mstari wa kwanza, midomo ikichezacheza, na kufikia sala ya adhuhuri alikuwa amemaliza. Aliuita utaratibu huo kuosha. Alidhani ndivyo kazi ilivyo.

Chombo chake cha kuandikia kilikuwa edita ile inayokuja na mashine, kama kamba inavyokuja na mbuzi aliyenunuliwa. Ni ukurasa mtupu na alama moja inayopepesa. Haijui kama unaandika programu au salamu za Idi, na haioni kuwa inaihusu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Kinoti alipofika.

Kinoti alikuwa kijana wa Meru, mpole, ametumwa na makao makuu Nairobi kuja kuzifanya programu za ofisi zote zifanane. Alishuka basi akiwa na shati la mikono mirefu na tai, ambavyo Garissa ilimvua kabla ya saa nne. Alikuja na kompyuta mpya na kasha la flopi, akaanza kuziingiza moja baada ya nyingine kwa uso wa mtu anayemlisha mtoto mchanga.

"Hii sasa si edita, dada Ugbad," alisema. "Hii ni mazingira kamili. Edita iko ndani, kompaila iko ndani, chombo cha kutafuta makosa kiko ndani, hata mafundisho yako ndani."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Kinoti alicheka. Alikuwa na tabia nzuri ya kucheka pale ambapo wengine wangeandika ripoti. Akamvutia kiti. "Wewe andika tu. Ukikosea, inakuambia papo hapo."

"Kabla sijamaliza?"

"Ndiyo. Si hiyo ndiyo raha yake?"

Ugbad akaandika nusu mstari, akapandisha macho na kidole kuangalia kitu cha juu. Mashine ikalia kama kifaranga kilichokanyagwa, na kisanduku kikaruka katikati ya skrini.

"Inasema nini?"

"Inasema ilitarajia kitu hapo mwisho."

"Hata mimi nilikitarajia. Nilikuwa njiani kukileta."

Akakifunga kisanduku, akaandika tena. Maneno yakaanza kugeuka rangi, haya bluu, yale mekundu.

"Rangi ni za nini?"

"Ndiyo ujue ni neno la aina gani."

"Mimi ndiye niliyeliandika."

"Sasa si ni kukusaidia tu, dada."

Ugbad akaipa jina ambalo halikuitoka tena. "Hii ni Yaya," alisema. "Inampangusa mtoto kamasi kabla hajapiga chafya."

"Yaya mzuri si kitu kibaya," alisema Kinoti. "Mimi nililelewa na mmoja, na ona, nimekuwa mtu."

Ugbad akafunga kisanduku kingine.

Kwa kuwa alipenda haki hata pale ilipomuudhi, alikubali kuijaribu Yaya kwa kazi moja nzima, ripoti ya mwezi ya kupeleka Nairobi. Aliiandika kwa karaha, visanduku vikimrukia kama panzi. Yaya ikamchorea mistari ya jedwali, ikamkumbusha majina aliyoyaanza, ikamhifadhia kila kitu bila kuulizwa. Ripoti ilitoka ikiwa na fremu kama picha ya arusi. Nairobi wakapiga simu kuisifu. Ugbad akasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyezawadiwa mwavuli mwaka wa ukame.

Halafu likaja jambo la Bura.

Bura palikuwa pamechimbwa kisima kirefu cha mashine. Mpaka wakati huo malori yote yalijaza maji Garissa, kwenye mto Tana, na programu haikujua mahali pengine pa kujazia. Sasa yangeweza kujaza Bura na kuvifikia vituo ambavyo hayakuwa yakivifikia. Binamu yake Ugbad, Hamze, dereva wa lori kongwe kuliko yote, ndiye aliyeleta habari kwa mkuu wa ofisi.

"Madam, bambu ya Bura imefika," alisema mlangoni, kwa Kiswahili chake ambacho pampu ni bambu. "Nimeona na macho yangu. Iko fizuri. Alhamisi maji inatoka."

Mkuu wa ofisi, Mirriam, alikuwa mama wa Machakos aliyeletwa Garissa kwa muda mfupi, na muda ule mfupi ulikuwa umezeeka naye. Aliwasiliana na Nairobi. Nairobi wakajibu kwa wepesi wa watu wasiotoka jasho: programu yote iingizwe katika mazingira kamili, Kinoti aongeze Bura humo, na tangu siku hiyo mwandishi wa programu awe Kinoti. Nafasi hiyo ilikuwa moja. Ugbad angehamia kwenye meza ya kuingiza data, yaani kupiga chapa habari za madereva ili programu ya mtu mwingine izisome.

Mirriam alimweleza hayo bila kuyapamba. Kisha Kinoti, aliyekuwa amesimama kando akiangalia viatu vyake, akasema, "Dada, nipe tu yale maandishi, nianze."

"Sina."

"Yako wapi?"

"Nimeyaosha."

Kinoti akaitazama flopi iliyokuwa mezani, akaigusa kwa kidole kuona kama imelowa. Ugbad akamweleza, kwa maneno machache, jinsi afanyavyo. Alipomaliza, Kinoti akakaa chini.

"Umefuta? Zote? Kila mara?"

"Kwani wewe huzitunza za nini?"

"Ili nisizipoteze."

"Mimi sijapoteza."

Mirriam alikuwa ameshaona mengi katika utumishi, pamoja na punda aliyeandikishwa kama mlinzi, lakini hapa alivua miwani. "Kwa hiyo, Ugbad, programu inayopeleka maji mkoa nusu iko wapi hasa?"

"Ninayo."

"Siwezi kuandikia Nairobi kwamba iko kifuani kwa mwanamke mmoja. Wataniuliza nani anamlinda." Akavaa miwani. "Na leo ukigongwa na gari?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na Ugbad alilijua kuwa la haki.

"Utaiandika yote," alisema Mirriam. "Kwenye mashine ya Kinoti, kwa hiyo mazingira yake. Iwe tayari kabla ya Alhamisi."

Hamze alikuwa akimngoja Ugbad nje, kivulini mwa lori lake, ana birika la chai ya maziwa na iliki. Habari zilikuwa zimeshamfikia, kwa sababu ukuta wa ofisi ulikuwa wa mbao. Walizungumza Kisomali, lugha ambayo Hamze hakuwahi kukosea ndani yake jambo lolote isipokuwa ushauri.

"Abaayo, dada yangu, usiwape."

"Nisiwape nini?"

"Hiyo kitu ya kifuani. Leo hawawezi kukufukuza, labda wakate kichwa wakiweke mezani. Ukiitoa tu, wewe ni kibuyu kilichomwagwa."

"Najua."

"Basi sema umesahau."

Ugbad aliweka kikombe chini. "Rudia."

"Sema umesahau. Nani atajua? Binadamu wanasahau. Mimi nilisahau gurudumu la akiba kule Dujis."

"Hamze, mimi siwezi kusema nimesahau. Eeddo Hawo yuko hai."

"Yuko Habaswein."

"Yuko hai," alisema Ugbad, na hilo likaisha.

Angeweza pia kukataa tu, kwa mdomo, bila uongo. Hilo alilifikiria zaidi. Lakini wale wa vituo vya mbali walikuwa wanangoja Bura, wala hawakuwa wameshiriki ugomvi wa nani akae kiti gani. Kwa hiyo maji yangeenda. Kilichobaki kilikuwa ni yeye mwenyewe, na hapo hakuona sababu ya kulegea.

Asubuhi ya pili yake aliketi mbele ya Yaya, Mirriam na Kinoti wakiwa nyuma yake, akasema bismillahi, akaanza. Mistari ya kwanza ilitiririka. Kisha akaacha kitu wazi ambacho angekifunga baadaye, kama afanyavyo siku zote, na Yaya ikalia. Kisanduku. Akakifunga. Akarudisha vidole kwenye kibodi, vikakaa tu.

Akafuta yote, akaanza upya. Akafika mbali kidogo kuliko mwanzo. Kisanduku.

"Si uendelee tu pale ulipoachia?" aliuliza Kinoti kwa upole.

"Sipajui nilipoachia. Napajua mwanzo."

"Lakini imeandikwa hapo, angalia."

"Naiona. Haiko hapo, iko huku kifuani, na huyu Yaya anaongea." Akasogeza kiti nyuma. "Madam, mimi nitaiandika, nimeshasema. Kwa hii sitaandika. Kwa edita yangu nitaandika. Mkitaka mniandikie barua, niandikieni, lakini leo itaandikwa kwa edita."

"Edita haitakuonyesha makosa," alisema Kinoti.

"Makosa yangu yana adabu. Yanangoja mwisho."

Mirriam alitazama dirishani. Uani malori yalikuwa yamepangwa, na chini ya kila lori kulikuwa na mbuzi wawili watatu wanaopumzika, na madereva wanne wanaobishana. "Kinoti," alisema, "mpe edita yake."

Kinoti akawasha ile mashine kuukuu. Ukurasa mtupu ukatokea, alama ikipepesa, haina la kusema. Ugbad akavuta mtandio vizuri, akaanza tena tangu mstari wa kwanza, na mara hii hakuna aliyemkatiza. Midomo ilicheza. Kuna mahali alipunguza mwendo, akatikisika kidogo mbele na nyuma kama watoto wa chuo wafanyavyo, kisha mistari ikaja kwa mfululizo. Kinoti mwanzoni alisimama akiwa tayari kushuhudia ajali. Baadaye alivuta kiti. Baadaye zaidi akaanza kusoma.

"Hapa umeongeza," alisema ghafla, kisha akaziba mdomo.

Ugbad alimaliza mstari. "Hapo ndipo Bura inapokaa," alisema, akaendelea.

Adhuhuri ilimpita kidogo, akaenda akasali, akarudi akakaa, akaanza kusoma kimoyomoyo kutoka juu mpaka alipokuwa amefika, kisha akaandika hadi mwisho. Akaipa kompaila. Kompaila ikasikiliza yote, halafu ikalalamikia mstari mmoja. Kinoti, ambaye alikuwa ameuona mstari huo zamani na kukaa kimya kwa mateso makubwa, alishusha pumzi. Ugbad akaurekebisha. Wakachukua habari za juma lililopita wakazipitisha katika programu ya zamani na katika hii mpya, Bura ikiwa imefungwa. Zikatoa safari zilezile. Kisha Bura ikafunguliwa, na malori, katika karatasi, yakaanza kufika mahali ambapo hayakuwa yakifika.

"Sawa," alisema Mirriam. "Na ripoti ya mwezi?"

Ugbad akaweka vidole kwenye kibodi. Vikakaa hapo. Akafumba macho, akafumbua.

"Hiyo sina," alisema.

"Huna vipi?"

"Sina hata mstari."

Kinoti akaenda kwenye mashine yake, akafungua Yaya, na ripoti ikawa pale, na fremu zake na rangi zake, nzima, kama ilivyoachwa. Ugbad akainuka akaisoma akiwa amesimama. Alikuwa kama anasoma barua ya jirani.

"Hii niliandika mimi?"

"Wewe. Jina lako hili juu."

Akasoma tena. "Hainijui," alisema.

"Lakini imebaki, dada. Unaona? Ile nyingine yote, ungeanguka leo, ingekwenda nawe. Hii imebaki."

"Naona. Imebaki kwako. Kwangu haijawahi kufika."

Kila mmoja alikuwa amepata ushahidi aliokuwa akiutafuta, ushahidi uleule.

Ugbad akarudi kwenye mashine kuukuu. Kazi ilikuwa imekwisha, na mkono, ambao haukuwa umefuatilia mazungumzo, ukaanza kuandika amri ya kufuta. Amri ikakaa kwenye skrini, imekamilika, inangoja kitufe kimoja. Kinoti akaiona.

"Dada," alisema.

Mirriam hakujua kusoma amri za kompyuta, lakini alijua kusoma uso wa Kinoti. Akasimama. Nje, Hamze aliyekuwa amesogea dirishani akatikisa kichwa kumhimiza, taratibu, kama anayemwongoza mtu kurudisha lori nyuma.

Ugbad aliitazama ile amri. Angebonyeza kitufe hicho, mambo yangerudi yalivyokuwa jana: hakuna wa kumgusa. Angebaki kitini kwa sababu ile ile inayomweka mlinzi mwenye ufunguo pekee wa ghala. Angekuwa amewekwa, si amechaguliwa. Tena kama ripoti ile isiyo na mwenyewe ilistahili kuhifadhiwa, hakuona kwa nini hii yenye mwenyewe ndiyo ifutwe.

Akaifuta amri, herufi moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele.

"Iko hapo," alisema. Akageuka na kiti. "Madam Mirriam, jana hamkuweza kunihamisha. Leo mnaweza, na mimi ndiye niliyewapa uwezo huo, kwa mkono wangu, mbele yenu. Nataka hilo lijulikane. Na kwenye kiti hiki sitoki."

"Hutoki?"

"Sitoki. Nimewaandikia programu, nimewaongezea Bura, nimewaachia na maandishi. Kama mnamwondoa aliyefanya hayo, njooni mnibebe na kiti chenyewe. Feni mbaki nayo."

Hamze, dirishani, alifumba macho.

Mirriam alimtazama Ugbad, kisha Kinoti. "Wewe unasemaje?"

"Mimi sikuomba kiti chake," alisema Kinoti. "Niliomba maandishi. Nimeyapata."

"Sikukuuliza ulichoomba."

Kinoti alijikuna shingo. "Hiyo ya malori anaijua kuliko nitakavyoijua mimi. Mimi naweza kukaa na ripoti. Lakini asifute tena, madam. Afute kwake akitaka, kopi moja iwe kwangu. Na mimi pia sitaacha kumwambia hiyo edita ni ya zama za mawe."

"Sema," alisema Ugbad. "Nitasikia ukimaliza."

Mirriam hakutoa hukumu. Alikuwa na kipaji cha watumishi waliokaa sana, cha kuliacha jambo lijiamulie huku akionekana anatafuta kalamu. "Alhamisi Bura inafunguliwa," alisema, "na madereva wanataka kujua pa kwenda. Fanyeni kazi."

Alhamisi malori yalijaza Bura. Hamze alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, akaripoti kuwa maji yana chumvi kidogo na kwamba hakuna aliyelalamika.

Nairobi, wakiwa hawajui kwamba jambo limekwisha, walileta barua majuma kadhaa baadaye. Mirriam alimwita Ugbad akamsomea. Kinoti alikuwa sasa mwandishi wa programu. Ugbad Hared, kuanzia tarehe ile, alikuwa mwingizaji data.

"Na programu ya malori aandike nani?" aliuliza Ugbad.

Mirriam akaipitia barua tena, mbele na nyuma. "Haisemi."

"Basi," alisema Ugbad, akarudi chumba cha mwisho, akafungua edita.

Aliishi na cheo hicho miaka yote iliyobaki ya muongo ule. Wageni kutoka makao makuu walipomkuta akiandika programu, waliambiwa ni mwingizaji data, naye hakuinua kichwa kuwasahihisha, maana kwa mtazamo wake kosa lilikuwa la kwao na lilipaswa kuwangojea mwisho. Maandishi yalitunzwa kwa Kinoti. Flopi yake mwenyewe aliendelea kuiosha.

Kinoti alikaa Garissa kuliko alivyoahidiwa, kama ilivyo desturi ya ofisi ile, akajifunza kunywa chai ya Hamze na kutovaa tai. Mara kwa mara Nairobi walimletea toleo jipya la mazingira kamili, nene kuliko la kwanza, na kila mara alikwenda nalo chumba cha mwisho kwa imani ileile.

"Dada Ugbad, hili uliangalie, ni tofauti kabisa," alisema mara moja. "Wamesikia kilio cha watu. Vile visanduku, ukitaka, unavizima. Rangi pia unazima. Kukumbusha majina, unazima. Ukizima vyote unabaki na ukurasa mtupu, raha mstarehe."

Ugbad hakusimamisha vidole mpaka alipofika mwisho wa mstari.

"Mimi nimeshazima," alisema.